Darubini ya kompyuta ya bei nafuu: je, nyota itaitafuta yenyewe?

"Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni nahodha wa boti, navusha watu baina ya Lamu, Shela na Manda. Binti yangu ana miaka 14, na kila usiku yuko darini anatazama nyota kwa darubini ya macho mawili aliyopewa na mgeni. Nimeweka akiba nimnunulie darubini kamili. Nimeona zile za kompyuta: wabonyeza Zohali, nayo yageuka yenyewe mpaka kwenye Zohali. Bei yake naiweza. Lakini jirani yangu aliletewa moja kutoka Dubai, akabonyeza Mwezi, ikaenda kutazama ukuta wa msikiti. Amejaribu siku tatu, sasa iko uvunguni mwa kitanda. Je, hizi za bei nafuu ni udanganyifu? Au ninunue kubwa isiyo na kompyuta? Na je, itatusaidia kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani?"

Wa aleikum salaam, nahodha.

Nikutoe wasiwasi kwanza: darubini hizi si udanganyifu. Ninachokisikia katika swali lako ni hofu kwamba binti atapatwa na yaliyompata jirani, yaani furaha siku ya kwanza, fadhaa siku ya pili, na siku ya tatu chombo kiko uvunguni. Hofu hiyo ni ya haki. Hapa Malindi nimesomesha fizikia na kuwatoa watoto usiku kutazama nyota kwa miaka mingi, na darubini za kompyuta ninazoletewa nikiambiwa zimekufa, nyingi huwa nzima. Ya jirani yako nayo naamini ni nzima. Iliambiwa jambo lisilo kweli, ikaliamini.

Wewe ni mtu wa bahari, kwa hivyo nitakueleza kibahari. Mchukue nahodha hodari, mfunge kitambaa machoni, mtie chomboni usiku, kisha mwambie: hapa ni Lamu, sasa ni saa fulani, tupeleke Kiwayu. Ramani yote iko kichwani mwake. Mwendo wa chombo anaujua. Lakini omo limeelekea wapi? Hajui, na hawezi kwenda popote mpaka afunguliwe macho aone alama mbili za nchi kavu anazozitambua. Akishaona mnara huku na taa kule, amejua yuko wapi na anatazama wapi. Safari iliyobaki ni hesabu tu.

Kompyuta ya darubini ndiyo nahodha huyo. Ndani ya rimoti yake mna orodha ya nyota, sayari na mawingu ya gesi (ile Celestron NexStar 130SLT ina zaidi ya 4,000), mna saa, na mna hesabu za mahali. Jicho haina. Unapoiwasha haijui kama bomba lake linatazama mbingu au ukuta. Wewe ndiwe unayeipeleka kwenye nyota mbili au tatu zinazong'aa, moja baada ya moja, unaiweka kila nyota katikati kabisa ya lenzi, kisha unabonyeza kuithibitisha. Kazi hiyo ndiyo kuilinganisha darubini na mbingu. Baada ya hapo inahesabu mizunguko ya mota na meno ya gia, na kwa hesabu hiyo inajua imegeukia wapi. Mtoto akiligonga guu moja la stendi gizani, hesabu yote imepotea na mnaanza upya. Na ukiiweka nyota pembeni mwa lenzi badala ya katikati, au ukakosea nyota yenyewe, kila itakachokitafuta usiku huo kitakuwa kando.

Usidhani hilo ni la vitu vya bei nafuu peke yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kupima miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru. Hata hiyo ilibidi ifungiwe vifaa vya kuliona jua na nyota, la sivyo waliokuwa wakiiongoza wasingejua ilikuwa ikitazama upande gani.

Sasa turudi kwa jirani. Sikuwapo, lakini kosa hili nimelikuta mara nyingi mno kwetu pwani hata siku hizi ndilo la kwanza ninalouliza. Rimoti huuliza saa. Mtu yuko darini saa mbili usiku, anaandika 2:00. Rimoti haijui saa ya Kiswahili. Kwake saa mbili usiku ni 20:00, na ile 2:00 ni saa nane za usiku wa manane. Hapo pana tofauti ya saa sita, na kwa kuwa mbingu huzunguka digrii 15 kila saa, umeikosesha digrii 90, robo nzima ya duara. Kitu kilicho utosini itakwenda kukitafuta kule mbingu inapokutana na ardhi, na Lamu, ukitazama usawa huo, utaona nini ila ukuta? Tarehe nayo, katika nyingi ya darubini hizi, huanza na mwezi kwa mtindo wa Marekani: tarehe 3 Novemba ni 11/03. Kisha mahali. Iliyotoka Dubai huenda bado ina Dubai ndani yake, digrii 25 Kaskazini, na saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 Kusini, digrii 40 na dakika 54 Mashariki, na saa zetu ni +3. Ikiuliza habari za saa za majira ya kiangazi, jibu letu ni hapana, mwaka mzima. Mwambie jirani aitoe uvunguni, aandike haya, achague usiku usio na mawingu, ajaribu tena.

Hapa pia binti yako ana faida ambayo mtoto wa London hana. Majina mengi ya nyota atakazoambiwa na rimoti azitafute ni ya Kiarabu, yameparuzwa kidogo midomoni mwa Wazungu. Rigel ni rijl, mguu. Deneb ni dhanab, mkia. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki. Kama amekaa madrasa, atayashika kwa usiku mmoja. Canopus, ile inayong'aa sana upande wa kusini, ndiyo Suheli ya wazee wa majahazi. Akishazijua nyota kumi kwa majina na kwa sura, tatizo kubwa la darubini ya kompyuta limekwisha. Ndiyo maana huwa naumia nikisikia muuzaji akisema "huhitaji kuijua mbingu". Unahitaji, walau kidogo.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo uamuzi ulipo.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na mwanga hukusanywa na kipenyo cha kioo au cha lenzi ya mbele. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 130 hukusanya mwanga mara 340 na zaidi ya jicho tupu. Sasa tazama akiba yako inavyogawika. Ukinunua darubini isiyo na kompyuta, karibu pesa yote imekwenda kwenye kioo na stendi. Ukinunua ya kompyuta kwa bei ile ile, sehemu kubwa imenunua mota mbili, gia, waya na rimoti, na kioo kimekula kilichobaki. Ndiyo maana kwa bei ya darubini ya kompyuta yenye lenzi ya milimita 90 au 102, kwa kawaida utapata ya mkono yenye kioo cha milimita 150. Hiyo ya 150 inakusanya mwanga mara 2.8 ya ile ya 90. Kompyuta itakupeleka kwenye galaksi iliyofifia bila kukosea hata kidogo, utainama utazame, na usione kitu, kwa sababu kioo ni kidogo. Kati ya vitu 4,000 vya kwenye orodha, kwa darubini ndogo ukiwa ndani ya mji wenye taa, vingi hutaviona.

Usiangalie kamwe maandishi ya "hukuza mara 525" juu ya boksi. Kikomo cha kweli ni kama mara mbili ya milimita za kipenyo: kioo cha 130 kisizidi mara 260, na usiku mwingi wa pwani, kwa unyevu na joto lipandalo kutoka kwenye sakafu ya dari iliyochomwa na jua mchana kutwa, utafurahi ukipata mara 150 picha ikatulia. Jihadhari pia na bomba fupi la kioo, kama nusu mita hivi, lililoandikwa fokasi (yaani masafa ambayo mwanga husafiri tangu kwenye kioo mpaka unapokutana kufanya picha) ya milimita 1000. Mara nyingi ndani yake wametia lenzi ya ziada ya kurefusha fokasi, na zile za bei ya chini huleta picha yenye ukungu, tena ni taabu kuzirekebisha. (Zipo bomba fupi za aina ya Maksutov ambazo ufupi wake ni halali, kwa kuwa mwanga hukunjwa ndani kwa vioo viwili. Hizo zina kioo kizito cha mbonyeo mbele, utaitambua.)

Na umtayarishe mtoto. Picha za rangi alizoziona kwenye simu zilipigwa kwa dakika au saa nyingi. Jicho halikusanyi mwanga hivyo. Zohali ataiona na pete zake, ndogo kama ushanga lakini kali na safi, na sijaona mtu ambaye hakushusha pumzi mara ya kwanza. Mushtarii ataiona na mistari yake miwili ya mawingu na miezi minne iliyojipanga. Mwezi utamjaza macho. Kilimia kitamtokea kama kidani kilichomwagika. Lakini wingu la gesi la Orion ni la kijivu, na nyota, hata uikuze vipi, itabaki nukta.

Sasa niseme jema la kompyuta, maana ninaliheshimu. Watu huinunua kwa ajili ya kutafuta, lakini mimi naona faida yake kubwa iko katika kufuata. Dunia inazunguka, na ukiikuza sayari mara 150, kwa lenzi ya kawaida, hupita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa dakika moja na sekunde 20 hivi. Nikiwa na watoto 40 kwenye foleni na darubini ya mkono, kila mtoto wa pili anainama anakuta giza, ananiambia "mwalimu, hakuna kitu", nami naisogeza tena. Kuna msichana mmoja mfupi alipanda juu ya debe ili afikie lenzi, akaishika darubini kwa mikono miwili asianguke, na Zohali ikaondoka zake. Alishuka akasema ameiona. Nilijua hakuiona, nikamrudisha. Kwa darubini yenye mota, mtoto wa kwanza na wa arobaini wanaikuta Zohali palepale katikati. Kama binti yako anakusudia kuwaonyesha wenzake, au kuchora anachokiona akiwa ametulia, mota zinalipa kila shilingi yake.

Ila kuna mambo ya Lamu ambayo maelezo ya kwenye boksi hayakuambii. Nyota ya Kaskazini, ile Polaris, kwenu haichomozi hata siku moja, maana mko kusini ya ikweta. Darubini zenye stendi ya ikweta, zile zenye mzigo wa chuma wa kusawazishia, hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na kwenu ncha hiyo iko karibu ulalo kabisa juu ya bahari. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi hata kulala chini kiasi hicho. Zikatae. Chukua inayogeuka kushoto na kulia, juu na chini, basi. Hiyo nayo ina udhaifu wake kwetu: kitu kikipita utosini, mota ya kugeuza kushoto na kulia hulazimika kukimbia ghafla, na hapo hukipoteza. Wingu la Orion hupita kwenu digrii tatu tu kutoka utosini. Dawa yake ni kulitazama saa moja u nusu kabla au baada ya kufika juu kabisa.

Upepo ni adui mwingine. Wakati wa kusi, stendi nyembamba za darubini hizi hutetemeka hata Mushtarii inaonekana kama inacheza. Ukiweza, tazamia nyuma ya ukuta, usitoe miguu ya stendi kwa urefu wake wote, na utundike jiwe au dumu la maji katikati ya miguu liikaze. Majira ya tanga mbili, upepo ukiwa umelegea na mawingu yakikubali, ndiyo yenu.

Lakini linaloua darubini za kompyuta pwani ni chumvi, na wewe mwenye mashine ya boti unalijua kuliko mimi. Darubini yangu ya kwanza ya aina hii niliiacha darini, nimeifunika turubai vizuri, majuma mawili ya kusi. Niliporudi, pini za waya wa rimoti zilikuwa zimeota kutu ya kijani, nene kama ukoga. Ikawasha taa, haikugeuka. Tangu hapo hailali nje. Kioo kikipata umande, usikifunike palepale. Kiache kikauke ndani ya nyumba ndipo utie kifuniko, la sivyo kuvu itaota, nayo hula hata lenzi. Weka vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani ya boksi na uvibadilishe. Kioo usikipanguse kwa kanga wala kwa kidole. Vumbi kidogo halidhuru, mikwaruzo ndiyo hudhuru. Darubini ya mkono nayo hupata kuvu, lakini haina mota ya kufa.

Umeme pia. Nyingi hutumia betri nane ndogo za AA, ambazo huisha upesi, na zikianza kuchoka darubini huanza kupotea kabla haijazimika, ukadhani imeharibika. Betri ya volti 12, hata ya pikipiki, huendesha usiku kucha. Hakikisha tu waya una plagi ambayo katikati ni chanya, kama kitabu cha darubini kinavyoelekeza, na usiitumie betri hiyo hiyo ikiwa inachajiwa. Ukigeuza chanya na hasi mara moja, waweza kuiunguza rimoti.

Basi ninunue ipi, utaniuliza. Kuna njia nne, na sitazitendea sawa kwa kuwa hazilingani kwa hali yako.

Ya kwanza ni ile uliyoiona, ya kompyuta yenye mota. Ukiichagua, usishuke chini ya kioo cha milimita 114, na 130 ni bora. NexStar 130SLT niliyoitaja ni mfano mzuri wa kundi hilo: fokasi ya milimita 650, huja na lenzi za jicho za kukuza mara 26 na mara 72, uzito wote kama kilo 8, mtoto wa miaka 14 anaubeba. Stendi yake ni nyepesi kuliko ninavyopenda. Ya milimita 70 au 80 yenye kompyuta nakushauri uiache, hata ikiuzwa nusu bei.

Ya pili ni darubini ya mkono ya aina ya Dobson: kioo kikubwa ndani ya bomba, juu ya kitako cha mbao kinachozunguka. John Dobson wa Marekani ndiye aliyeieneza ili mtu wa kawaida aweze kumudu kioo kikubwa. Haina umeme, haina waya, chumvi haina pa kuanzia ila kwenye kioo na misumari. Ya milimita 150 humpa mtu kazi ya miaka. Ubaya wake ni kwamba bomba lina urefu wa zaidi ya mita moja, na ngazi za nyumba za Lamu nazijua. Pia kutafuta ni kazi ya mkono na ramani. Kuna watoto wanaoipenda kazi hiyo kama uvuvi, na kuna wanaokata tamaa. Binti anayepanda darini kila usiku na darubini ya macho mawili bila kuambiwa na mtu ananifanya nidhani ni wa kundi la kwanza.

Ya tatu iko katikati, nayo ndiyo inayonivuta kwa ajili yenu. Haina mota. Unaweka simu juu yake, kamera ya simu inaitazama mbingu, programu inazitambua nyota zilizopangika mbele yake na kujua darubini inatazama wapi. Kisha mishale kwenye kioo cha simu inakwambia sogeza kushoto, panda juu, hapo hapo. Celestron huiita StarSense Explorer. Tazama uzuri wake: yule nahodha wetu amefunguliwa kitambaa. Hahesabu meno ya gia, anatazama kwa macho. Ukiigonga, haidhuru, itatazama tena. Hakuna nyota tatu za kulinganisha kila usiku, hakuna mota wala betri nane, na pesa iliyookolewa imerudi kwenye kioo. Na kwa kuwa binti anaisukuma kwa mkono wake, anajifunza njia. Baada ya miezi michache ataifikia Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota zilizosongamana, bila simu. Haifuati kitu, hilo ndilo pengo lake. Na si kila simu inakubali programu hiyo, kwa hivyo simu ipimwe kabla hujatoa pesa. Tena kila darubini huja na msimbo wake wa kufungulia programu. Ukinunua ya mkono wa pili, msimbo uwepo.

Ya nne ni vile visanduku vipya kama Seestar S50, vilivyoingia sokoni mwaka 2023. Havina pa kuweka jicho kabisa. Vinajilinganisha vyenyewe kwa kamera, vinapiga picha juu ya picha, na rangi za wingu la Orion zinatokea kwenye simu. Ni vya ajabu, na kwa picha za mawingu ya gesi hakuna darubini ya jicho ya bei hiyo inayovishinda. Lakini lenzi yake ni milimita 50, Zohali huonekana ndogo mno, na mtoto anaishia kutazama simu. Kwa mtoto anayependa kutazama, si hiki cha kuanzia.

Kwa hiyo, nahodha, kama akiba yatosha ya kompyuta kama ulivyosema, na mtumiaji ni mmoja, ningechukua ya tatu yenye kioo cha 130, au ya pili ikiwa mna mahali pa kuiweka na fundi wa kuishusha kutoka boti bila kuigonga. Ya kwanza ningeichukua kama shule yake itaitumia pamoja naye.

Mwezi mwandamo. Hapa wengi hukosea. Hilali huonekana muda mfupi baada ya magharibi, nayo hushuka upesi, wakati nyota za kulinganishia bado hazijatoka. Darubini ya kompyuta isiyolinganishwa haiwezi kukupeleka kwake. Darubini ya macho mawili ya 7x50 (hukuza mara 7, lenzi zake za mbele ni milimita 50), ile ile ya binti kama ni ya kipimo hicho, ni bora: inaona eneo pana na inainuliwa mara moja. Kama hilali iliyoonekana kwa chombo inakubalika au la, hilo ni la mashekhe na Kadhi, si la mwalimu wa fizikia. Ninalosisitiza ni hili: msiinue darubini yoyote kuelekea magharibi mpaka jua limezama lote. Mwanga wa jua kupitia lenzi huunguza sehemu ya ndani ya jicho kwa sekunde moja, na sehemu hiyo haina hisia ya maumivu, mtu hajui mpaka baadaye. Mchana msiiache ya kompyuta igeuke yenyewe ikiwa wazi, kwa sababu yaweza kupita juani na mtoto ameweka jicho. Vile vichujio vidogo vya jua vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho vitupeni, hupasuka kwa joto. Kichujio salama hufungwa mbele ya darubini, kwenye mdomo wa bomba. Na akitokea mtu ameona doa jeusi au ukungu katikati ya jicho baada ya kutazama jua, aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama haumwi.

Mambo mengine mnaweza kuyamaliza nyumbani: saa, tarehe, mahali, betri. Lakini kama mota inalia bila kugeuka, au rimoti haiwaki kwa betri mpya, au nyota zote zinaonekana zina mkia upande mmoja hata baada ya bomba kupoa, usiifungue kwa bisibisi. Hiyo ya mkia kwa kawaida ni vioo vimesogea, na kuvirudisha ni kazi ya dakika kumi kwa aliyewahi kuonyeshwa, ila kwa asiyeonyeshwa huishia pabaya zaidi. Ya mkono wa pili nayo usiinunue mchana. Iwashwe usiku, mbele yako, uione nyota moja kwa macho yako.

Kabla hujanunua, mlete binti Malindi. Chagueni siku ambazo mwezi umefika robo, mbalamwezi haijajaa, ili aone milima ya Mwezi ikitupa vivuli na nyota zisifunikwe. Nitazitoa nje darubini mbili, ya kompyuta na ya mkono, nimwachie yeye azishike. Aje na ile ya macho mawili, na aje na simu atakayoitumia, tuipime hapo hapo kama inaikubali programu. Jirani naye aje na ya uvunguni.